Mtani Aliyenipiga Nisife

Watu wengi walionusurika kupigwa hadi kufa husema hawakumbuki kitu. Mimi nakumbuka. Nakumbuka hata ladha ya matope ya soko la Songea, maana yaliingia kinywani mwangu pamoja na jino langu mwenyewe. Kwa hiyo ninaposimulia habari za nesi aliyeniokoa, sitaki mtu aniambie kwamba homa ilinichanganya, au kwamba uzee unanifanya nitie chumvi. Chumvi ninayo tangu ujana, lakini hapa sijaitia.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nilifika Songea miaka ile ya ruksa, biashara ya mahindi ilipoachiwa kila mwenye mgongo wa kubebea gunia. Nilipanga chumba mtaa wa Ruhuwiko, nikawa nakwenda vijiji vya Madaba kununua mahindi na maharage, kisha narudi mjini juu ya magunia, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa kijana bado, nina mdomo mrefu na hasira za karibu. Mdomo ndio ulioniponza.

Kwa asiyejua, Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka kuzikana, wakaona heri wachekane. Tangu hapo mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akakuvua kofia barabarani, akachukua kuku wako mchana kweupe, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Msibani ndiyo usiseme. Mtani hulala ndani ya kaburi, humtukana marehemu, hulizuia jeneza mpaka apewe kitu, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna wa kumgusa. Anayemkasirikia mtani kwenye kazi yake anajitafutia laana.

Pale sokoni alikuwepo bibi mmoja wa Kingoni aliyeuza ndizi na vitumbua. Siku ya kwanza niliponunua kwake aliisikia lafudhi yangu, akaweka ndizi chini.

"Wewe mla mbwa, umefuata nini huku? Mbwa wa Iringa wameisha?"

"Shikamoo, mtumwa wangu," nikamjibu. "Nimetumwa kuwahesabu. Babu alisema mlikimbia wengi."

Alicheka hadi akashika mbavu, na urafiki wetu ukaanzia hapo. Kila nikirudi kutoka Madaba lazima ninyakue kitu mezani pake nikimbie nacho kati ya vibanda, naye anifukuze na mwiko, soko zima likishangilia. Siku moja yeye alinivua kiatu cha kushoto nikiwa nimekaa, akakificha. Nilirudi Ruhuwiko mguu mmoja pekupeku, watoto wananifuata nyuma. Huo ndio ulikuwa undugu wangu wa pekee katika mji ule, nami niliutegemea.

Sasa siku hiyo ilikuwa msimu wa baridi. Bibi alikuwa ameondoka kidogo, akamwachia kibanda mteja wake mmoja aliyekaa juu ya sanduku. Mimi huyo mtu sikumtazama. Nilichoona ni redio kaseti mpya, imekaa katikati ya ndizi, inang'aa. Nikajua bibi amenunua redio. Nikainyakua, nikapiga kelele, "Mtumwa wangu siku hizi ana redio! Njoo uikomboe!" na nikatimua mbio huku nacheka, kama siku zote.

Redio ilikuwa ya yule mtu. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Songea majuzi tu kutoka mikoa ya kaskazini, na huko kwao mtu anayechukua redio yako na kukimbia ana jina moja. Akalitaja kwa sauti.

"Mwizi! Mwizi!"

Miaka ile bidhaa zilikuwa zimejaa madukani, na wizi nao ulikuwa umejaa majumbani. Watu walivunjiwa milango, wakaripoti, hakuna kilichorudi. Hasira ilikuwa imerundikana inangoja mwili wa kushukia. Mimi nikapita mbele yake nikicheka na redio kifuani.

Teke la kwanza lilinipata kwenye kifundo cha mguu, nikaanguka juu ya redio ikavunjikia mbavuni mwangu. Kisha sikuweza tena kuhesabu. Mpini wa jembe ulitua kwenye muundi na nikausikia mfupa ukilia kabla maumivu hayajafika. Walinipiga kwa mawe, kwa viatu, kwa mzani wa chuma wa kupimia sukari. Mwanamke mmoja aliweka mtoto wake chini ili apate nafasi. Kidole kilipita karibu na mdomo wangu nikakiuma hadi mwenyewe akapiga yowe, na kwa hilo mpaka leo sijatubu. Nilikuwa napiga kelele, "Mimi ni mtani! Jamani, mtani!" lakini damu ilikuwa imejaa kinywani na hakuna aliyesikia neno.

Juu ya kelele zote ilikuwepo sauti moja ya kijana, imekwaruza, inarudia kitu kilekile. "Leteni tairi! Tairi liko wapi?" Nilimwona kutoka chini. Alivaa koti la kijani la mtumba lenye vifungo vya shaba, na alikuwa anacheka vizuri tu, kama mtu aliye harusini. Tairi likaja, wakanivisha shingoni. Mafuta ya taa yakanimwagikia kichwani, yakaingia kwenye majeraha na machoni. Yule wa koti la kijani akawa anatikisa kiberiti sikioni pake ajue kama kina njiti.

Nikuambie kilichoniokoa, usije ukadhani ni huruma. Mgambo wa soko walikuja na filimbi na marungu wakipiga kelele, "Mtaunguza soko! Vibanda vya nguo hivyo!" Waliogopea mitumba. Wakawatawanya watu, wakanitupa kwenye mkokoteni wa kubebea viazi, na mmoja wao alinipiga rungu moja la kuagana kabla ya kunipeleka hospitali.

Hospitalini walinilaza sakafuni ukumbini. Habari ya kwamba mimi ni mwizi ilikuwa imefika kabla yangu. Mtu wa mapokezi akasema bila PF3, ile fomu ya polisi, hanigusi mtu. Watu walipita juu yangu. Mmoja aliyekuwa anapiga deki aliisukuma miguu yangu kando kwa fagio, na ule uliovunjika ukageukia upande usio wake. Nililia kama ndama. Ndipo viatu vyeupe vikasimama karibu na uso wangu.

"Huyu kwa nini yuko chini?"

"Mwizi huyo, sista. Tunangoja PF3."

"PF3 itamshona? Ikifika iambieni mimi nimeanza."

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sweta la bluu juu ya sare, rozari imechungulia shingoni. Alinibeba yeye na mlinzi mmoja aliyemwamrisha. Alichana shati langu kwa mkasi, akaanza kunifuta mafuta ya taa machoni. Mimi niliona mkono tu unakuja usoni kwangu. Kwa siku ile nilikuwa nimejifunza maana ya mkono unaokuja usoni. Nikakunja ngumi, nikampiga mdomoni kwa nguvu zote zilizobaki.

Mdomo wake ulipasuka. Alijifuta damu kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na dawa, akaniinamia.

"Kabila gani wewe, unayepiga akina mama?"

"Mhehe."

Kisha akacheka na damu kwenye meno. "Kamwene!" akanisalimu kwa Kihehe. "Mhehe! Mla mbwa kabisa!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wamempiga mtani wangu. Wamempiga bila hata kunialika." Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kidevu. Akaendelea kufuta. "Piga tena, mtani. Leo zamu yako. Nitakulipa siku nyingine."

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimepigwa na Wangoni, na sasa Mngoni alikuwa ananiita mla mbwa, na mimi nililia kwa furaha. Lilikuwa neno la kwanza la kibinadamu kunifikia tangu asubuhi.

Mguu ulifungwa plasta ile ngumu tunayoiita hogo. Mbavu hazikufungwa kitu, waliniambia nisicheke. Masikini mimi, na nesi yule! Alikuja kila zamu na tusi jipya. Alinigeuza nisipate vidonda vya mgongo, alinisafisha nilipojichafua, na kila nilipotaka kufa kwa aibu alisema watumwa wake wa Kihehe ameshazoea kuwaosha. Chakula cha hospitali kilikuwa maji yenye kumbukumbu ya dengu. Yeye alileta uji kutoka nyumbani kwake, kwenye kindoo kidogo cha bati chenye mfuniko, akaninywesha kwa kijiko kwa sababu taya lilikuwa halifunguki. Wenzake walimwuliza kwa nini anahangaika na mwizi. Nilimsikia akijibu, "Hata angekuwa mwizi, mguu haujaiba."

Wakati huo bibi wa ndizi alikuwa amerudi kibandani na kusikia yaliyotokea. Walinihadithia baadaye kwamba alivua kilemba katikati ya soko, akawatukana watu wote kwa Kingoni na kwa Kiswahili. Aliwaambia wamempiga mtani wake, mtu aliyekuwa anacheza kama anavyocheza kila wiki na wote wanajua. Mwenye redio alijishika kichwa. Alikuja wodini siku moja, akasimama mlangoni na machungwa, akashindwa kuingia. Waliosoma wanasema ile ilikuwa kutoelewana tu. Mimi nasema zilikuwa mbavu zangu.

Basi mambo yakageuka. Polisi waliokuwa wananidharau sasa walikuwa wanauliza ni nani waliotaka kumchoma mtu asiye na hatia, na waliokuwa wanajisifia vilabuni wakaanza kutafutana kwa macho. Bibi alinijia kitandani uso umemkauka. "Mjukuu wangu," akasema, na hapo nikajua ni hatari, maana hakuwahi kuniita hivyo, "huko nje wanasema mfu hataji mtu. Wanataka kuja kukumaliza." Nesi alikuwa anafunga dripu. Alisikia yote.

Walikuja kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa mashuka na vikapu. Nesi aliwaona dirishani wakivuka ua. Alitembea hadi kwangu bila kukimbia, akavuta shuka hadi juu ya kichwa changu.

"Kufa," akaniambia. "Kufa sasa hivi."

Nikafa. Chini ya shuka nilisikia viatu vizito, watu watatu hivi, na kitu kigumu kikigonga ukingo wa kitanda kutoka ndani ya koti. Kisha ile sauti iliyokwaruza.

"Shikamoo mama. Kumbe uko zamu?"

"Marahaba. Mnamtaka nani?"

"Yule mwizi wa redio."

"Mmechelewa. Kaburi lake limewahi. Amekufa asubuhi."

Halafu mwingine akasema, "Tumwone."

Ndipo nesi yule alipopiga kigelegele. Nilishtuka hadi nikakaribia kufufuka. Alirukia kitanda, akakalia mguu wangu juu kidogo ya mahali ulipovunjika, na uzito wake wote ukashuka kwenye hogo.

"Kumwona? Mtani wangu haonwi bure! Huyu ni Mhehe, maiti hii ni yangu! Anayetaka kumfunua alete kuku kwanza!" Akanipiga kibao kifuani, pah! "Mla mbwa wewe! Nani amekupa ruhusa ya kufa kwenye shuka langu?" Kibao kingine, mbavuni. "Umekula mbwa wangapi ukaishindwa redio moja? Amka unilipe sabuni!" Kingine tena.

Nilikuwa nimekwisha kupigwa na soko zima, lakini naapa hakuna kilichouma kama mkono wa yule mama. Niliing'ata nyama ya ndani ya shavu. Damu ikajaa mdomoni, nikaimeza kidogokidogo ili koo lisicheze. Pumzi niliivuta kwa pua, nyembamba, kila alipopiga kelele. Sasa nafahamu kwamba alikuwa anapiga kelele ili nipumue.

Mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amepasuliwa ngiri, akaelewa. "Nesi!" akaita. "Mwulize mbwa amewaachia nani!" Wodi nzima ikalipuka kicheko. Mtu akaanza kupiga makofi, mwanamke mmoja wa Peramiho aliyekuja kumwona mumewe akaitikia wimbo wa msibani. Wote walijua nipo hai, walikuwa wameniona nikinywa uji mchana huo. Hakuna hata mmoja aliyenisaliti. Na mimi nilikuwa nimewachukia Wangoni wote kwa siku nyingi, sasa ikanibidi nianze kuwachambua mmoja mmoja.

"Twendeni," nikamsikia yule mwingine, sauti ya mtu mzima. "Mwacheni mtani na maiti yake. Mnatafuta laana."

Viatu vikaondoka, isipokuwa jozi moja. Alisogea. Nilisikia harufu ya sigara na pombe ya komoni. Mkono wake ukashika pindo la shuka karibu na sikio langu, na nikajua sasa basi, safari hii nimekufa kweli.

Nesi alikunja ngumi akanipiga kwenye mbavu zilezile zilizovunjika. Hakunipiga kama mwigizaji. Alinipiga kama mtu anayetaka kubomoa ukuta, na kitu kikavunjika upya ndani yangu. Sikutikisika. Sijui niliwezaje. Maiti gani inapigwa hivyo isilie? Mkono ukaachia shuka. Viatu vikaondoka taratibu, vikashuka ngazi.

Aliponifunua nilikuwa nimejikojolea na shavu limechanika ndani. Alikishika kichwa changu akakikandamiza kwenye sweta lake. Nilitaka kusema asante. Akaniziba mdomo. "Mtani hashukuriwi," akasema. "Ukinishukuru umenifanya mgeni." Halafu akamwita daktari aje aangalie mbavu.

Jioni hiyo walinihamishia chumba kidogo cha nyuma chenye kitasa, mlinzi akakaa mlangoni.

Asubuhi alikuja bila tusi lolote. Alivuta kiti, akaweka kindoo chini, hakukifungua.

"Yule wa koti la kijani umemwona vizuri siku ile sokoni?"

Nikamwambia ndiye aliyeagiza tairi.

"Nimemzaa mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akaendelea kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake. "Kwamba ni yeye, nilikuwa sijui mpaka nilipomwona anavuka ua na kitu ndani ya koti. Jana nimempakulia chakula nikakaa mbele yake. Anaamini mtu amekufa kwa mkono wake. Nikasema moyoni, akikisukuma chakula, akikosa usingizi, nitapiga magoti nikuombe umsamehe. Nitakuomba kwa nguvu zangu zote." Akakisogeza kindoo kwa mguu. "Amekula akamaliza. Akaomba mboga nyingine."

Mimi mtu wa hasira. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu alinizidi umri na kwa sababu nyingine zote. Nilimwuliza ule uji niliokuwa nakunywa ulipikwa jikoni kwa nani, na kama mwanawe alikuwa anaukoroga. Nilitamani kumkaba. Alikaa kwenye kiti akayapokea yote hadi yakaniishia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi askari wako nje. Nimewaleta mwenyewe. Usinionee haya."

Askari mmoja akaingia, akavua kofia, akaniuliza kama namtambua mtu aliyeitisha tairi. Nesi alikuwa pembeni anakunja bandeji. Nilimtazama midomo yake, kidonda cha ngumi yangu kilikuwa bado hakijafunga. Mtu huyu alinivua mauti shingoni mara mbili, na mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa.

"Sikuona vizuri," nikasema. "Mafuta ya taa yalikuwa machoni."

Bandeji ikamdondoka. "Mtani, usinilipe kwa uongo! Mimi jana nimedanganya ili uishi. Wewe leo ukidanganya, kesho atamchoma mwingine, na huyo hatakuwa na mtu wa kumkalia."

Basi nikasema. Koti la kijani, vifungo vya shaba, sauti imekwaruza, ndiye. Askari akamgeukia nesi akamwuliza jina la kijana, naye akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo, akamweleza njia ya kufika nyumbani. Kisha akaniosha kidonda cha kichwani kama kila siku. Mikono yake ilikuwa baridi sana.

Ukoo ulimjia juu. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, na shemeji yake alikuja wodini kusema kwa niaba ya marehemu. Alimwita mchawi aliyeuza tumbo lake kwa Mhehe, na mbele yetu sote akamzaba kofi sare ikaruka kifungo. Nesi hakuinua mkono. Mimi nilikuwa nimeanza kukaa kitandani, mlango u wazi, na karibu yangu palikuwa na chombo cha mkojo cha bati. Nikamrushia, kikampata kichogoni na kikamwagika chote. Alinitafuta kwa macho, akakuta mlinzi katikati. Nesi alinigombeza kwa kuchafua sakafu. Nilijua amefurahi, kwa sababu aliniita mla mbwa kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya askari.

Uji uliendelea kuja. Lakini sasa aliponinywesha alikuwa anaacha nusu, anafunika, na zamu ikiisha anakwenda nao mahabusu. Hakuniambia, mlinzi ndiye aliyeniambia. Uji mmoja, kindoo kimoja, nusu yangu na nusu ya aliyetaka kuniwasha moto. Mwanzoni ulinikwama kooni. Baadaye nikauzoea, na sioni aibu kusema kwamba niliusubiri kwa hamu.

Siku waliyonitoa hospitali nilikuwa natembea kwa gongo moja. Nilimkuta amekwama na mgonjwa wa ajali anayetoka damu, zamu imempita, na kindoo kimekaa juu ya kabati. Aliniangalia, akaangalia kindoo, akaendelea na kazi yake.

"Nipe," nikamwambia. "Nitampelekea."

Nikakichukua.

Njiani nilisimama. Palikuwa na ukuta wa kuegemea, na hakukuwa na mtu. Nikafungua mfuniko. Nilitaka kuutemea mate ule uji, nisijifanye mtakatifu, mate nilikuwa nayo tayari mdomoni. Mvuke ukanipiga usoni. Nikageuka nikatema barabarani, nikafunika.

Mahabusu walimleta kwenye nondo. Koti lilikuwa limechukuliwa kuwa ushahidi, na bila koti alikuwa mwembamba, mabega yamemshuka, mdogo kuliko nilivyombeba kichwani miezi yote ile. Alinitazama, akatazama gongo, akatazama kindoo.

"Mama yuko wapi?"

"Ana mgonjwa."

"Umetia nini humo?"

Nikamimina kwenye kikombe, nikanywa mimi kwanza, halafu nikampitishia kati ya nondo. Alikipokea vibaya, uji ukamwagika kwenye vidole vyangu. Alikunywa taratibu, akarudisha kikombe, nikammiminia tena. Safari hii hakukipeleka mdomoni. Alikishika kwa mikono miwili akakitazama.

"Mama mwenyewe huwa anakula saa ngapi?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa nimenywa uji wa yule mama tangu taya halifunguki mpaka siku natembea, nilijua matusi yake yote na uzito wa ngumi yake, na swali hilo halikuwahi kunijia. Yeye alikuwa anangoja jibu, amekishika kile kikombe, hanywi.

"Sijui," nikamwambia. "Ngoja nikamwulize."

Nikafunika kilichobaki, nikaanza kupanda kurudi hospitali kwa gongo langu.